Chuma Kimoja Kimoja

Shirati,
14 Januari 2023

Mkwe wangu Wilhelmina,

Salamu zikufikie huko Ilemela juu ya mawe. U hali gani? Kile kifua kimepona? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua na masikio yamekufa kabisa. Ndiyo maana naandika. Ulipopiga simu Krismasi nilikuwa nakujibu "ndiyo, ndiyo," kumbe sikusikia hata neno. Jirani yangu Adongo akaniambia baadaye kwamba ulikuwa unauliza kama nimekula. Na sikuwa nimekula.

Jana nilikuwa natoa vitu chini ya kitanda nikakutana na lile kopo la vyuma vya cherehani. Siku mlipooana nilikupa cherehani yangu, kopo nikabaki nalo makusudi. Nilitaka kila mkija likizo nikufundishe chuma kimoja kwa mkono wangu. Tulifika kwenye mguu wa zipu tu, halafu Okwach akatuacha. Mwaka umeisha tangu tumzike mwanangu, na mpaka leo cherehani iko kwako, vyuma viko kwangu, na hakuna kinachomfaa mtu.

Basi nimempa konda wa basi la Mwanza mguu wa kukunja pindo. Umfuate stendi ya Buzuruga. Ni huo mdogo wenye ulimi uliojikunja mbele. Legeza skrubu, toa mguu wa kawaida, funga huu. Ukunje ukingo wa kitambaa kidogo kwa kidole, uuingize kwenye ulimi, kisha zungusha mpini taratibu. Usivute! Mkono wako mzito, nakujua. Acha kitambaa kiingie chenyewe.

Ukishindwa niandikie. Ukiweza pia niandikie. Hapa nyumbani ni mimi na kuku, na kuku wenyewe siwasikii.

Mama mkwe wako,
Awuor


Ilemela,
2 Februari 2023

Mama, shikamoo.

Magoti yanaendeleaje? Huwa unayapaka yale mafuta niliyokutumia au umempa Adongo? Mimi sijambo, kifua kimepona.

Chuma nimekipata. Konda alikuwa amekifunga kwenye kileso, nikadhani ameniletea pete! Mara ya kwanza nilivuta, kama ulivyosema, na pindo likatoka limepinda kama mkia wa panya. Nikafumua. Mara ya pili pia nikavuta. Ya tatu nikajikaza, nikashika kitambaa kwa vidole viwili tu, nikazungusha. Wee mama! Pindo likaanza kujikunja lenyewe, jembamba, limenyooka, linatoka nyuma kama limepigwa pasi. Nilicheka peke yangu chumbani. Nikapinda leso zote, nikapinda mapazia, nikapinda na ncha ya kitenge ambayo tayari ilikuwa na pindo. Dorotea wa chumba cha pili akachungulia, akaniuliza kama nimepatwa na wazimu.

Ndege ikipita hapa juu kwenda kutua, meza inatetemeka na sindano inacheza. Nasubiri ipite ndiyo niendelee. Jioni nyingi hiyo ndege ndiyo mgeni wangu peke yake.

Sasa mama, nina ombi. Nitumie kopo lote kwa mara moja. Niko tayari kujifunza.

Mkweo,
Wilhelmina


Shirati,
20 Februari 2023

Wilhelmina wangu,

Marahaba. Mafuta nayapaka. Adongo nilimgawia kidogo tu, usiwe mchoyo.

Kopo lote! Nimpe konda kopo lote alitikise kwenye mashimo ya barabara mpaka Mwanza, afike ameangusha nusu? Na hivyo vyuma vyote utajifunza kwa nani? Utavitazama tu. Haraka haraka haina baraka, mwanangu.

Leo nakutumia chuma cha marinda. Usiogope sura yake, ni panzi tu. Kina mkono wenye uma, huo uma unakaa juu ya skrubu ya sindano. Sindano ikishuka, mkono unasukuma kitambaa na kukikunja rinda. Ikipanda, mkono unarudi kuchukua kingine. Pembeni kuna skrubu ndogo: ukiikaza rinda linakuwa kubwa, ukiilegeza linakuwa dogo. Tumia kitambaa laini kwanza, na mafuta tone moja, siyo kumwaga.

Gauni la ubatizo la Okwach nililishona kwa hicho. Marinda kuanzia kifuani mpaka miguuni, na mtoto ni wa kiume! Watu walinicheka kanisani. Nikawaambia, chuma ninacho, kitambaa ninacho, mtoto ninaye, nyie mna nini?

Uniambie kinavyolia siku hizi. Nimekijaribu kwa mkono, nahisi tu kinagonga kidoleni.

Mama mkwe wako,
Awuor


Ilemela,
11 Machi 2023

Mama, shikamoo. Mvua huko zimeanza? Hapa zimeanza, maji yanashuka kwenye mawe mpaka mlangoni kwangu.

Kinalia hivi: tke-tke, tke-tke, kama mbuzi anayetafuna bua la mahindi. Halafu ukifika kwenye mshono mnene kinanyamaza kidogo, kinafikiri, kisha tke! kinaendelea. Nimekaa nacho wiki nzima. Mito ya Dorotea ina marinda. Kitambaa cha kufunikia redio kina marinda. Nimekishonea gauni la Komunyo ya kwanza la mtoto wa mtu, mama yake alipokuja kulichukua alilizungusha mikononi, akaliangalia ndani na nje, akakaa chini. Nilijisikia mtu kweli.

Ila kuna jambo mama. Hii cherehani ya kuzungusha kwa mkono, wakati Okwach yupo yeye ndiye alikuwa anazungusha. Akitoka kazini anavuta kigoda, anashika mpini, mimi nabaki na mikono yangu miwili kuongoza kitambaa. Nilikuwa namwambia "polepole," "simama," "haya twende." Sasa mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unahangaika peke yake, na rinda refu linakwenda upande. Juzi nilisema "polepole" kwa sauti. Nikajisikia, nikaacha kushona.

Njoo ukae na mimi, mama. Hata mwezi mmoja. Wewe uko peke yako huko, mimi niko peke yangu hapa, tunawasha taa mbili bure.

Mkweo,
Wilhelmina


Shirati,
3 Aprili 2023

Wilhelmina,

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Hapo pa "polepole" nimelia. Sasa yameisha.

Kuja siwezi. Nilidhani Okwach alikueleza. Kwetu Wajaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mwana akifa, nyumba inabaki yake. Hicho chumba alikipanga Okwach, hicho kitanda alikinunua Okwach. Unakumbuka mwaka ule nilipokuja Mwanza? Nililala kwa Justa wa kanisani, asubuhi nakuja kwenu kunywa chai, jioni narudi. Okwach alinuna, akasema mama, hapa ni mjini. Nikamwambia mji haukunizaa. Nyie Wasukuma mnaweza kutucheka, chekeni.

Nakutumia chuma cha vitundu vya vifungo. Hicho ndicho mfalme wa kopo. Kinakamata kitambaa na kukitembeza chenyewe kulia na kushoto, wewe kazi yako kuzungusha tu. Mkono mmoja unatosha. Nimekichagua kwa sababu hiyo.

Mama mkwe wako,
Awuor


Ilemela,
22 Aprili 2023

Mama, shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Mfalme amefika lakini hana skrubu ya kumfungia. Nimekung'uta kileso, nimemfuata konda Buzuruga mpaka akafungua mifuko yake mbele za watu. Hakuna. Nimezunguka kwa mafundi wa mjini, skrubu zao hazikubali, hizi cherehani za zamani zina meno yake. Chuma kimekaa mezani kinaniangalia.

Sasa nakuuliza kwa heshima zote. Umeisahau, au umeificha? Maana naona kila chuma kinakuja na barua yake na basi lake. Bandu bandu huisha gogo, mama. Hata ukitumia nusu nusu, kopo litaisha tu.

Nakutania.

Mkweo,
Wilhelmina


Shirati,
10 Mei 2023

Wilhelmina,

Nimeificha. Haya, umefurahi?

Niliangalia ndani ya kopo nikaona vimebaki vichache. Kila chuma ni barua yako moja, wakati mwingine mbili. Nikajiuliza, vikiisha huyu ataniandikia kwa sababu gani? Hamkuniachia mjukuu. Sikulaumu, Mungu ndiye hakutoa. Lakini mke wa marehemu asiye na mtoto anaweza kuondoka siku yoyote, na hakuna mtu wa kumwambia rudi. Mimi siku hizi nikiona basi limesimama pale njia panda, moyo unaruka, na sisikii hata honi yake.

Skrubu hii hapa, nimeishonea kwenye kipande cha kitambaa isipotee. Shona vitundu vyako. Utaona raha yake.

Awuor, mama mkwe wako mwongo


Shirati,
28 Juni 2023

Wilhelmina mpendwa,

Hujambo? Unaumwa? Sijapata jibu. Skrubu iliingia? Kama kitambaa ni chepesi weka karatasi chini yake, ukimaliza unaichana. Nilisahau kukuambia.

Kama nilikuudhi kwa maneno ya mjukuu, yaache. Ni maneno ya kizee anayekaa peke yake.

Mama yako,
Awuor


Shirati,
15 Agosti 2023

Wilhelmina,

Nimekutumia mguu wa kushonea utepe, hukunijibu. Nimemuuliza konda, nikamwambia aniandikie kwa kidole kwenye vumbi la gari lake. Ameandika kwamba kifurushi alikichukua mwanamume. Mrefu, nywele zina vumbi la mbao. Alisema umemtuma.

Ni nani huyo?

Awuor


Ilemela,
30 Agosti 2023

Mama, shikamoo. Nivumilie.

Siumwi. Barua zako zote nimezipata na skrubu iliingia. Kila nikianza kukujibu nafika mwisho, kwenye kuandika "mkweo," nashindwa kuendelea, nachana.

Kile kisanduku cha chini cha cherehani kiliingiwa na mchwa. Cherehani ikawa inacheza, mshono unaruka. Dorotea akanielekeza kwa mtu anayepasua mbao Kamanga, ng'ambo ya kivuko. Anaitwa Luhende. Alifiwa na mke, hana mtoto. Alipima cherehani kwa shubiri, akaondoka, akarudi na kisanduku kipya cha mninga, na humo ndani ametengeneza vijumba, kila chuma na kijumba chake. Nilimwambia vyuma vingine bado haviko. Akasema, basi tutaviwekea nafasi.

Akawa anakuja. Siku moja nilikuwa nashona rinda refu akaona ninavyohangaika, akavuta kigoda akashika mpini. Nikamwambia aache. Akaacha, hakuuliza kwa nini. Kwa hilo nilimpenda mama, sitakuficha.

Ameomba anioe. Sijamjibu. Wazee walipotaka nirithiwe na Otuoma wa ukoo wenu, ni wewe uliyesimama ukawaambia mwacheni mtoto wa watu. Sijasahau. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ukisema hapana, nitamwambia hapana na sitakuchukia.

Wilhelmina


Shirati,
9 Oktoba 2023

Wilhelmina,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Kwanza nilimkasirikia Okwach kwa kufa. Halafu nikakukasirikia wewe. Halafu huyo mtu wa mbao, nilimtukana kwa Kijaluo mpaka Adongo akaja kuangalia nani anapigana.

Nimeandika "hapana" kwenye karatasi nyingine. Nikaitazama. Ukinitii utakaa hapo juu ya mawe unasubiri ndege ipite, mpaka uwe mimi. Sikupendi kidogo kiasi hicho.

Olewa.

Kopo lote hili hapa. Kuna chuma cha kushonea kamba ndani ya kitambaa, kuna fimbo ya kupimia mistari, kuna bobini ndefu za akiba na kile kimtumbwi cha kuzibebea. Hivyo vingine utavijua ukivishika. Mwambie avipangie vijumba vyake. Huna sababu tena ya kuniandikia, na mimi sitaficha skrubu. Nenda kwa amani.

Mama Okwach


Ilemela,
25 Oktoba 2023

Mama yangu, shikamoo.

Usinisainie tena "Mama Okwach." Nililia barabarani Buzuruga nimekumbatia kopo, watu wakadhani nimeibiwa.

Sababu ya kukuandikia ninayo. Nina maombi mawili.

La kwanza. Mama yangu mzazi alikufa sijaota meno, na shangazi aliyenilea naye hayupo. Ndoa ni Desemba, kanisani Kamanga. Sina mwanamke wa kunishika mkono kunipeleka mbele. Naomba uwe wewe. Usimame kama mama yangu mbele ya watu. Najua watasema, mama wa marehemu anamwozesha mjane! Waseme.

La pili. Njoo ukae na sisi, siyo kutembea, kukaa. Nyumba ya Kamanga Luhende ameijenga mwenyewe. Okwach hakuwahi kuingia, hakununua hata msumari. Kwa hiyo siyo nyumba ya mwanao, na mila haina la kusema. Kuna chumba chenye dirisha linaloangalia ziwa, cherehani tutaiweka humo. Utashona na mimi. Kama masikio hayafanyi kazi utaweka kiganja juu ya meza, utasikia tke-tke yako. Luhende ndiye aliyesema chumba kiwe hicho, mimi sijamlazimisha.

Gauni nalishona mwenyewe. Utepe wa shingoni nimeushona kwa ule mguu wako, umelala vizuri mno. Kifuani bado, nakusubiri.

Mwanao, ukikubali,
Wilhelmina


Shirati,
12 Novemba 2023

Mwanangu Wilhelmina,

Hujambo? Luhende hajambo? Mimi mzima. Magoti yametulia tangu juzi, labda yameona safari.

Umeniomba mambo mawili na hukujua kwamba moja linaua jingine. Nikueleze vizuri.

Nikija Kamanga kama kizee wa Shirati tu, mama wa mtu aliyekufa, naweza kulala kwenye hicho chumba, na kesho, na mwaka mzima. Hapo umepiga hesabu sawasawa. Lakini nikikushika mkono kanisani nikakutoa, Luhende amekuwa mume wa binti yangu. Na kwetu mama halali kwa mume wa binti yake. Hiyo ni nzito hata kuliko ile ya mwana. Halali leo, halali kesho, hata akizeeka, hata akiugua. Luhende akisema ni mambo ya kizamani, mwambie mimi pia ni wa kizamani, siwezi kuanza ujana sasa.

Nimekitamani hicho chumba, mwanangu, nisikudanganye tena. Nilikuwa nakipanga kichwani: kitanda huku, meza ya cherehani chini ya dirisha, mimi nazungusha, wewe unaongoza. Adongo alinishauri, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: NENDA UKAE, MTU MWINGINE AMSIMAMIE. Ana akili Adongo. Ila yeye ana mabinti, hawezi kujua.

Mimi sikuzaa wa kike. Nilizaa mmoja nikamzika. Kukaa kwa watu ningeweza kukaa popote, hata kwa Justa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniomba niwe mama yake.

Chumba mpe mtu mwingine. Mimi nachukua binti.

Nitafutie gesti karibu na kivuko, isiyo na ngazi, yenye mlango unaofungwa kwa ndani. Uwaambie wenyewe kwamba mgeni ni kiziwi, wakigonga hatafungua. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hiyo ya tatu nitapanda basi. Mchana nitakuja kwako tushone hicho kifua cha gauni, jua likizama nitaondoka, na usilie mlangoni nikiondoka, utanifanya nigeuke.

Luhende asije kunipa mkono. Asimame mbali kidogo, ainamishe kichwa, nitajua amenisalimu.

Mama yako,
Awuor